Land Rover Discovery 3 na 4 za mtumba: magonjwa yake, gharama zake, na namna ya kuikagua kabla hujatoa hela

"Kaka, nimepata chuma. Discovery, viti saba, ngozi ndani, paa la kioo. Na bei ni ileile ya Harrier tako la nyani!"

Aliyenipigia ni binamu yangu wa Kibaha, na kabla sijajibu alishanirushia picha kumi na mbili. Gari limeoshwa, tairi zimepakwa mafuta, linang'aa kama bwana harusi. Sikumuuliza bei. Nilimuuliza, "Ukishalilipia, utabaki na shilingi ngapi?" Akacheka, akadhani natania.

Gari hili halikutengenezwa kushindana na Toyota Harrier. Lilipotoka Uingereza mwaka 2004 lilikuwa la watu wenye uwezo, na vitu vilivyomo ndani yake bado vinauzwa kwa bei ya watu hao. Gari limeshuka bei kwa sababu ya umri, lakini kompresa yake ya hewa, gia boksi na injini havijui kama gari limezeeka. Nimeendesha Discovery 3 ya dizeli miaka sita na bado naipenda. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyotamani mtu anieleze siku ile nilipokuwa natazama picha zangu kumi na mbili.

Hatua ya 1: Jua injini iliyo chini ya boneti

Discovery 3 iliuzwa kuanzia 2004 hadi 2009, Discovery 4 ikaendelea mpaka 2016. Marekani zinaitwa LR3 na LR4, majina yatakayokusaidia ukitafuta spea mtandaoni.

Zilizokuja kutoka Uingereza nyingi ni dizeli: V6 ya lita 2.7 kwenye Discovery 3, na V6 ya lita 3.0 kwenye nyingi za Discovery 4. Zilizotoka Japani ni petroli. Kwenye Discovery 3 utakuta V6 ya lita 4.0 yenye asili ya Ford au V8 ya lita 4.4 yenye asili ya Jaguar. Kwenye Discovery 4 utakuta V8 ya lita 5.0, na za mwishoni V6 ya 3.0 yenye supachaja.

Kwa uimara peke yake ningechukua V8 ya 4.4. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, haina tabochaja, na mafundi hawaihofii. Ubaya wake ni kituo cha mafuta: kiwandani kwenyewe waliiandikia lita 15 kwa kilomita 100, na hiyo haikupimwa kwenye foleni ya Ubungo. V6 ya 4.0 ina nguvu kidogo kuliko uzito wa gari, halafu kiu yake haipishani sana na ya V8, kwa hiyo unapoteza pande zote mbili. V8 ya 5.0, hasa za miaka ya mwanzo, isikilize ikiwa baridi. Ukisikia mkwaruzo wa cheni mbele ya injini, vishikilia cheni vimelika, na hiyo si kazi ya mchana mmoja.

Dizeli ya 2.7 ndiyo watu wengi wanaifuata, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi.

Kama unaagiza mwenyewe, piga hesabu ya kodi kabla ya kulipenda gari la mnadani. Kwa Tanzania, gari lililozidi miaka 10 hubeba ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2000, uchakavu asilimia 30, halafu VAT asilimia 18 juu ya jumla. Zinapandiana. Gari lililofika bandarini kwa thamani ya milioni 10 linadaiwa zaidi ya milioni 10 nyingine kabla ya tozo ndogondogo. Viwango huguswa kwenye bajeti ya Juni, kwa hiyo pitia kikokotoo cha TRA siku hiyohiyo unayotaka kulipa. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, hivyo Discovery unayoiona Nairobi leo imeshakula barabara za humohumo, na historia yake ya gereji inaweza kufuatiliwa ukitaka.

Hatua ya 2: Tenga mfuko wa gari kabla ya kulipa

Sheria yangu ni theluthi. Kama gari linauzwa milioni 30, uwe na milioni 10 nyingine ambazo si za ada wala kiwanja. Huenda usizitumie zote mwaka wa kwanza, lakini siku kompresa na mifuko miwili ya hewa vitakapoamua kufuatana na mkanda wa taimingi, hutakopa. Nimeona Discovery zinaota nyasi nyuma ya gereji si kwa sababu zilishindikana kutengenezwa, ila mwenye gari alimaliza hela zote siku ya kununua.

Hatua ya 3: Nenda alfajiri, likute baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike. Shika boneti. Ikiwa ya moto, kunywa chai, rudi kesho.

Kabla halijawashwa, toa futi ya fundi seremala mfukoni. Pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa matao ya bodi, pembe zote nne, uandike. Gari hili linakaa juu ya mifuko minne ya hewa, na limelala pale usiku kucha. Pembe moja ikiwa chini kuliko mwenzake wa upande wa pili kwa sentimita kadhaa, hewa inavuja. Lakini hata likikaa sawasawa usishangilie bado. Kompyuta ya saspensheni huamka yenyewe usiku, mara kadhaa, na kuzishusha pembe nyingine zilingane na ile iliyoshuka zaidi. Ndiyo maana gari bovu linaweza kukukuta asubuhi limelala chini lote kwa adabu. Linganisha na vipimo utakavyochukua baada ya kuliwasha na kulirudisha kwenye kimo cha kawaida.

Sasa liwashe, na usiongee. Dizeli ya 2.7 ina mlio wake, lakini mlio mzito wa kugonga unaotoka chini kabisa, unaofuata mzunguko wa injini, ni sauti ya beringi za krenki, ile shafti kuu ya injini. Hapo shukuru, aga, ondoka. Moshi mweusi kidogo ukikanyaga si msiba. Moshi mweupe usioisha au wa bluu ni habari nyingine.

Panda juu, shuka chini kwa kitufe cha kimo. Kutoka kimo cha kawaida kwenda juu kabisa ni jambo la sekunde, si la kusubiri mpaka mtu amalize soda. Kompresa ikinguruma kama mashine ya kusaga, inakaribia kufa.

Vuta kitufe cha hendibreki mara tatu nne. Hendibreki yake ni ya umeme, na ikilia mlio mkali kama nguruwe aliyekanyagwa, viatu vya ndani vimejaa vumbi au vimelegea. Ukiiwahi ni kazi ya usafi na kurekebisha. Ukiiacha inakata kifaa chenyewe kilicho nyuma karibu na tairi la akiba, na kifaa kipya hakifanyi kazi mpaka kitambulishwe kwa kompyuta.

Inua mazulia ya mbele, gusa chini. Mirija ya kutolea maji ya paa la kioo huziba, maji yakaingia miguuni kwa abiria na kwenye waya. Kuna unyevu? Uliza vizuri.

Mwisho endesha. Kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa, mguu ukiwa mwepesi kwenye mafuta, gari lisitetemeke kama linapita juu ya matuta madogo. Likitetemeka, gia boksi inalalamika. Funga breki ukiwa na mwendo. Usukani ukiyumba, bushi za mikono ya chini ya mbele zimekwisha, na hizo usizikasirikie maana kwenye barabara zetu huisha tu.

Hatua ya 4: Lipandishe juu, halafu lisomwe na mashine inayolijua

Mashine ndogo za Bluetooth za elfu thelathini husoma injini tu. Saspensheni, hendibreki na gia boksi hazizioni. Tafuta gereji yenye mashine inayoingia kwenye kompyuta zote za Land Rover, au mtu mwenye kifaa cha GAP kinachofanya kazi hiyohiyo. Mwambie fundi asome hitilafu, azifute, mwendeshe nusu saa, asome tena. Zinazorudi ndizo zako. Muuzaji mjanja hufuta hitilafu asubuhi kabla hujafika, na dalili yake ni gari la miaka kumi na tano lisilo na hata hitilafu moja kwenye kumbukumbu. Hakuna gari kama hilo.

Likiwa juu, angalia chasisi na mabomba ya breki ya nyuma, hasa kwa gari lililotoka Uingereza. Kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na mabomba yanayopita juu ya tangi la mafuta huoza mahali ambapo macho hayafiki. Tazama pia kama injini inavuja kulanti, yaani maji ya kupoozea, kwenye viungo vya plastiki vilivyo juu yake. Plastiki hiyo hukauka na kupasuka, na dizeli ya 2.7 ikichemka mara moja, hesabu zote zinabadilika.

Halafu omba karatasi. Maneno ya "niliibadilisha mwaka juzi" hayana thamani bila risiti yenye kilomita.

Mkanda wa taimingi na krenki

Kwenye 2.7, kiwanda kilitoa miaka 7 au takriban kilomita 168,000, kipi kitangulie. Watu husoma kilomita, husahau miaka. Gari la 2008 lenye kilomita 120,000 na mkanda wa kiwandani limeshapitiliza zamani. Mkanda ukikatika, vali zinakutana na pistoni, na unanunua injini.

Tena mikanda ni miwili. Wa nyuma unaendesha pampu ya dizeli ya presha kubwa, na fundi asiyelijua gari hili huusahau. Kwenye injini za mwanzo kuna la tatu: tenshena ya mbele, yaani kikaza mkanda, inashikiliwa na sikio la pampu ya oili, na sikio hilo lilikuwa jembamba. Likikatika, hata mkanda mpya hauna pa kushikiliwa. Pampu iliyoimarishwa ilikuja baadaye, kwa hiyo ukifungua mbele ya injini kwa ajili ya mkanda, badilisha na pampu ya oili, pampu ya maji na tenshena kwa pamoja. Ufundi wa kufungua ndio ghali, usiulipie mara mbili.

Krenki ndiyo inayowakosesha watu usingizi. Dizeli hizi, 2.7 na 3.0, zimejulikana kwa beringi kuzunguka na krenki kukatika, wakati mwingine bila salamu. Huwezi kujikinga kabisa. Unachoweza ni oili. Uingereza waliambiwa wabadilishe kila maili 15,000, yaani kilomita 24,000. Mimi nabadilisha kila 8,000, kwa oili yenye viwango vilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na filta ya zamani naichana kwa kisu naitandaza juani. Karatasi ikiwa nyeusi tu, sawa. Ikimetameta kama pambo la kanga, gari lisitembee tena mpaka sampu, lile beseni la oili chini ya injini, ifunguliwe.

Mifuko ya hewa: kinachokufa kwanza si kompresa

Hapa ndipo hela nyingi hupotea kwa kutibu dalili. Gari linainama, fundi anasema kompresa imekufa, unanunua kompresa, baada ya miezi minne inakufa tena.

Hewa hutoka kwenye kompresa, hupita kwenye chembe za kukausha unyevu, huingia kwenye tangi dogo, na kutoka hapo vali huigawa kwenye mifuko minne. Mfuko mmoja ukipata ufa, kompresa inalazimika kufanya kazi kila saa badala ya mara moja moja. Inapata moto, pistoni yake inalika, inakufa. Kwa hiyo iliyokufa ni kompresa, lakini aliyeua ni mfuko. Muuaji mwingine ni relei yake, swichi ndogo ya umeme kwenye boksi la fyuzi la mbele: ikiganda, kompresa haizimi. Relei ni ya bei ya chakula cha mchana, lakini watu huiacha ileile ya zamani.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Puliza maji ya sabuni ya unga kwenye mikunjo ya mfuko, gari likiwa kwenye kimo cha juu, maana mikunjo hupasuka pale inapokunjwa na hufichika likiwa chini. Halafu viungio vya mabomba, halafu bloku za vali. Povu litakuonyesha. Tengeneza uvujaji wote, ndipo ununue kompresa, pamoja na relei. Ukitoka kwenye kompresa ya Hitachi kwenda AMK, hakikisha fundi anaweza kubadilisha programu ya gari, vinginevyo italeta hitilafu kila siku.

Wapo wanaong'oa mifuko na kuweka springi za chuma. Siwalaumu. Ila gari linapoteza kimo cha kuvukia matope na linakuwa gumu mgongoni, na ukitaka kuliuza, mnunuzi anayejua atakukata bei kwa sababu hiyohiyo.

Kabla hujafungua gia boksi, badilisha swichi ya elfu chache

Ilikuwa kati ya Mombo na Same, jua la saa nane, mama na watoto wamo ndani. Dashibodi ikalia mara tatu: programu maalumu zimezimwa, mfumo wa kushuka mlima una hitilafu, saspensheni imebaki kwenye kimo cha kawaida. Nikaegesha. Fundi wa njiani alikuja, akatikisa kichwa, akaanza kuzungumzia kushusha gia boksi.

Mama akauliza, "Baba, si gari linatembea?" Lilikuwa linatembea. Tukaenda nalo taratibu mpaka Moshi, ambako kijana mmoja aliinama chini ya usukani, akakanyaga breki kwa mkono, akatoa kijiswichi cheupe cha plastiki nyuma ya pedali. "Hiki, mzee." Kinatuma taarifa mbili kwenye kompyuta, na zisipokubaliana, kompyuta haijui kama umefunga breki au la, hivyo inazima kila kitu kinachotegemea breki. Taa za nyuma zilikuwa zinawaka kama kawaida, ndiyo maana hakuna aliyeishuku. Dakika kumi, tukaondoka.

Betri dhaifu hufanya mchezo huohuo. Gari likilala usiku, betri nzima husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma chini ya 12.2, usiamini taa yoyote ya dashibodi mpaka uibadilishe, na weka betri ya ukubwa ule ule uliotakiwa, si ile iliyokuwepo dukani.

Gia boksi yenyewe ya otomatiki ya Discovery 3, ZF ya spidi sita, ni nzuri. Iliharibiwa na maneno ya kwamba oili yake haibadilishwi maisha yote. ZF wenyewe wanashauri kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Sampu yake ni ya plastiki na filta imo humohumo, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja, na wengi huweka sampu ya chuma yenye filta ya kutenganishwa. Oili ijazwe kwa joto linalopimwa na mashine, si kwa macho.

Mwaka mmoja unakula kiasi gani

Dizeli ya 2.7 mjini inanila lita 13 hadi 15 kwa kilomita 100, safari ndefu 10 hadi 11. Ukitembea kilomita 15,000 kwa mwaka kwa wastani wa lita 14, ni lita 2,100. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, ili hesabu iwe nyepesi, ni milioni 6.3. Weka bei ya EWURA ya mwezi wako.

Oili na filta mara mbili. Pedi za breki huisha haraka kwa sababu gari lina zaidi ya tani mbili na nusu. Tairi za 255/55R19 ziwe na alama ya 111 ya kubeba uzito, usikubali za bei nafuu zenye namba ndogo. Bushi za mikono ya mbele zihesabu kama tairi, vitu vya kuisha. Boliti zake hushika kutu, na fundi akikuomba pesa ya grenda hakudanganyi. Bima kubwa iulize kabla ya kununua, maana baadhi ya kampuni huanza kusita gari likizeeka.

Spea nunua kwa jina la aliyeitengeneza, si kwa rangi ya boksi. Mikono ya mbele tafuta Lemförder, mifuko ya hewa Dunlop, oili ya gia boksi ZF. Injini ya 2.7 ilitengenezwa na Ford na Peugeot-Citroën, na imo pia kwenye Jaguar, kwa hiyo usiishie kwenye duka la Land Rover. Mtaa wa Gerezani pale Dar es Salaam utapata za mtumba, na kwa vitu kama milango na taa ni sawa. Kompresa ya mtumba usinunue, hujui ilikuwa inapambana na ufa gani.

Hatua ya 5: Mwezi wa kwanza

Oili ya injini na filta zote siku ya kwanza. Mikanda yote kama hakuna risiti. Oili ya gia boksi. Usafi wa hendibreki. Betri kupimwa. Ufunguo wa pili kama ulipewa mmoja, kwa sababu kutengenezewa ukiwa huna hata mmoja ni gharama nyingine kabisa. Halafu kwenye droo weka swichi ya breki, relei ya kompresa na fyuzi.

Binamu yangu alienda Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi akiwa na futi. Pembe ya nyuma kushoto ilikuwa chini kwa sentimita nne, na mkanda haukuwa na risiti. Muuzaji alishusha milioni tatu na nusu. Alilinunua, akaliacha gereji wiki mbili kabla hajalipeleka Kibaha, na shemeji bado hajaambiwa jumla.